Kisusi, kombamoyo na kenchi: Paa la pande nne na maneno yake

MSOMAJI mmoja ambaye ni mwalimu katika chuo cha kiufundi huko Magharibi mwa Kenya ameniuliza swali linalostahili makala nzima. Anataka kujua lile paa ambalo mafundi wetu huliita ‘paa la hipu’ lina jina gani la Kiswahili. Kabla ya kuniandikia aliwauliza walimu wenzake watatu, akapata majibu matatu: paa la pembe nne, paa la piramidi, na hilohilo la hipu.

Jibu la pili nitaliondoa mapema ili lisituchelewesha. Piramidi hukutana kwenye ncha moja. Paa tunalolizungumzia lina mgongo juu yake, isipokuwa nyumba yenyewe iwe mraba kamili. Nalo jibu la kwanza halitofautishi kitu, maana hata paa la pande mbili hufunika nyumba yenye pembe nne. Jibu la tatu ni la kukopa, na mkopo si dhambi. Tatizo ni kwamba tumekopa kitu ambacho tayari tulikuwa nacho nyumbani.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Paa la kawaida la mabati huku bara lina miteremko miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma, na kila upande wa nyumba ukuta hupanda hadi juu ukawa na umbo la pembetatu. Paa la pande nne halina pembetatu hizo za ukuta. Kuta zote huishia kimo kimoja, na paa huteremka kuelekea kila upande. Ukilitazama kutoka mbele, unaona umbo pana lililopungua kwa juu. Ukilitazama kutoka ubavuni, unaona pembetatu ya paa lenyewe.

Sasa turudi pwani. Mwaka 1870 Edward Steere, mmishonari aliyekuja kuwa Askofu wa Zanzibar, alichapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja. Humo alieleza paa la makuti kwa makini ambayo wengi wetu tuliosomea isimu hatuna. Mteremko mkubwa wa mbele aliuandika kuwa ni kipaa cha mbele, na wa nyuma ni kipaa cha nyuma. Miteremko midogo ya ubavuni aliiita visusi; kimoja ni kisusi. Akaongeza jambo ambalo ni lazima alisimuliwa na fundi au alilitazama kwa macho yake: visusi havifiki juu kabisa. Vipaa viwili hupanda mpaka mgongoni, lakini visusi huishia chini kidogo, ndani ya vipaa hivyo. Uwazi mdogo unaobaki pale juu ndio unaopitisha moshi wa jikoni na joto la mchana.

Kwa hiyo jina lipo, na lina zaidi ya miaka 150 katika maandishi. Paa la hipu ni paa la visusi. Ningeweza kuishia hapo nikamshukuru mwalimu wetu kwa swali lake. Lakini ngoja kidogo. Ukimpelekea fundi wa Rongai au wa Eldoret neno hili umwambie “kisusi ndicho hipu,” utakuwa umempotosha, na nitaeleza kwa nini.

Fundi wa siku hizi anaposema hipu, kidole chake kinaelekea kwenye mstari. Anaonyesha ile pindo inayotoka pembeni mwa nyumba na kupanda mshazari hadi kwenye mgongo, pale miteremko miwili inapokutana. Kwake, hipu ni ubao, tena ubao mgumu kuliko yote katika paa. Mzee wa Unguja aliyezungumza na Steere aliposema kisusi, kidole chake kilielekea kwenye eneo: uso mzima wa paa la ubavuni, unaofunikwa kwa makuti. Mmoja anataja ukingo, mwenzake anataja uso. Ukiyafanya maneno haya kuwa visawe, unapoteza yote mawili.

Tofauti hii haikuja kwa bahati. Imetokana na kazi yenyewe.

Nyumba ya udongo ya pwani ilijengwa kwa miti ya mviringo iliyofungwa kwa kamba za usumba. Juu ya nguzo ulilazwa mtambaapanya, mti ambao jina lake halihitaji ufafanuzi kwa yeyote aliyewahi kulala chini ya makuti. Makombamoyo yaliegemezwa hapo yakapanda hadi mgongoni. Juu ya makombamoyo zilikuja pau, kisha fito za kufungia makuti. Makuti yalikuwa yale ya viungo, majani ya mnazi yaliyokunjwa juu ya kijiti na kushonwa, yakapangwa kuanzia chini kwenda juu ili kila safu ifunike kichwa cha safu iliyo chini yake. Katika ujenzi wa aina hii kombamoyo halipimwi kwa kiwango cha unywele. Unachukua mti uliozidi urefu, unaulaza, unaufunga, na kinachochomoza unakikata kwa panga. Pale kwenye pembe, mti ukipungua kidogo, fito na makuti vitaficha. Mwezekaji anafikiria uso anaoufunika, basi ni sawa lugha yake iwe na jina la uso.

Na kwa nini pwani walipenda visusi badala ya kuta za pembetatu? Jibu ni udongo na upepo. Ukuta wa udongo haupendi mvua, na mvua ya pwani haiji kutoka upande mmoja. Kusi huvuma sehemu moja ya mwaka, kaskazi sehemu nyingine, na kila upepo una upande wake wa kulowesha. Paa la visusi huwa na upenu pande zote nne. Hakuna ukuta unaoachwa uchi. Chini ya upenu huo ndipo inapokaa baraza, na mambo mengi ya utamaduni wa Waswahili ambayo wasomi wenzangu huyaandikia vitabu yalifanyika hapo, kwenye kivuli cha mchirizi.

Watu husahau jambo hili kwa sababu tumezoea kuizungumzia pwani kana kwamba ilikuwa ni mawe matupu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliona nyumba za mbao zilizoezekwa kwa matete. Hata katika miji ya mawe ya Lamu na Pate, aliyekuwa na nyumba ya sakafu bapa alikuwa na jirani wa makuti, na mara nyingi yeye mwenyewe aliongeza paa la makuti juu ya sakafu yake ili apate kivuli. Nyumba ya mawe nayo ilitawaliwa na mti. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vile ni virefu lakini vyembamba, karibu mita mbili na nusu hadi tatu. 

Baadaye paa la visusi lilipanda gari moshi. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, na pamoja nayo zilikuja nyumba za wafanyakazi na za maafisa, nyingi zikiwa na paa la pande nne. Muundo huo Waingereza waliuzoea India. Hata jina la nyumba zenyewe, bangaloo, lina asili yake Bengali. Mafundi waliozijenga walitoka sana Punjab na Gujarat. Wakati huohuo Waswahili, Wanubi na watu wa bara waliosilimu walijenga vijiji vyao Nairobi, kama vile Pangani, Maskini na kile kilichoitwa Mombasa. Utawala wa ukoloni ulipoanzisha Pumwani mapema miaka ya 1920, wakazi waliruhusiwa kujijengea, nao walijenga walichokijua: nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, ua nyuma, na paa la visusi juu. Ila hapakuwa na minazi Nairobi. Waliezeka kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyofunuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, kisha mabati yalipopatikana wakaezeka mabati.

Ona kilichotokea. Umbo moja lilifika jijini kwa njia mbili, moja ikitoka Unguja na Mombasa na nyingine ikitoka Bengali kupitia kwa Mwingereza. Nyumba zilisimama karibu karibu na zilifanana kwa paa. Lakini lugha ya mshahara ilikuwa ya njia ya pili.

Hapa ndipo tulipopata kenchi. Neno hili ni la mafundi wote wa Afrika Mashariki, na wengi hudhani ni la Kiingereza. Sivyo. Katika Kihindi na lugha jirani zake, kainchi ni mkasi. Miti miwili iliyokutana juu na kutanuka chini inafanana na mkasi uliofunguliwa, na mafundi wa Kihindi waliiita hivyo kabla ya kuja huku. Randa nayo ilikuja kwa njia hiyohiyo. Sina ugomvi na kenchi. Ni neno lililolipa karo yake: limeingia, limepata ngeli, lina wingi wake, na hata mtoto wa fundi analijua. Ninalotaka ulione ni kwamba kenchi lilikuja na kitu kipya, mbao zilizopasuliwa na kupigwa misumari zikawa umbo moja gumu. Halikumfukuza kombamoyo, lilimkuta akiwa kazi nyingine.

Mbao zilizopasuliwa zilibadilisha hesabu, na bila kuielewa hesabu hiyo huwezi kuelewa kwa nini hipu ilihitaji jina.

Chukua nyumba ya mita 10 kwa 6. Ukitaka miteremko yote minne iwe sawa, mgongo wa paa utakuwa na urefu wa mita 4, yaani urefu wa nyumba ukiondoa upana wake. Kutoka ukutani hadi chini ya mgongo ni mita 3 kwa ulalo. Tuseme unapandisha paa mita 1.5. Kombamoyo la kawaida, lile linalosimama sawasawa na ukuta, litakuwa na urefu wa mita 3.35, bila kuhesabu upenu. Hiyo ni kanuni ya Pythagoras tuliyoimbishwa darasani: 3 kwa 3 ni 9, 1.5 kwa 1.5 ni 2.25, jumla 11.25, kisha unatafuta kipeuo.

Lakini kombamoyo la pembe haliendi moja kwa moja. Linakata mshazari wa mraba wa mita 3 kwa 3, kwa hiyo ulalo wake si mita 3 bali ni 4.24. Linapanda kimo kilekile cha mita 1.5. Urefu wake unakuwa mita 4.5 kamili. Linganisha: 3.35 na 4.5. Na kwa kuwa linasafiri mbali zaidi kufikia kimo kilekile, mwinamo wake ni mdogo. La kawaida limeinama kwa nyuzi 26 na nusu hivi. La pembe, nyuzi 19 na nusu. Ukilikata kwa pembe ya wenzake, halikai ukutani wala halishiki mgongoni.

Kisha kuna yale mafupi, yanayotoka ukutani na kuishia kwenye kombamoyo la pembe kabla ya kuuona mgongo. Uzuri wake ni kwamba yanapungua kwa kiasi kimoja. Katika nyumba yetu, ukiyapanga kila baada ya sentimita 60, kila moja linapungukiwa na sentimita 67 kuliko jirani yake: 268, 201, 134, 67. Fundi anayelijua hilo hapandi juu kupima kila mti. Anayakata yote akiwa chini, jozi kwa jozi, la kulia na la kushoto, maana mkato wa ubavu wa moja ni kinyume cha mwenzake.

Wazee wa pwani waliyajua haya kwa jicho na kwa kamba, na kwa vipimo vya mwili: shibiri, dhiraa, pima. Walikuwa na panga la kusahihisha. Ubao ukishakatwa mfupi, haurefuki. Ndiyo maana mseremala alihitaji jina la mstari, wakati mwezekaji alitosheka na jina la uso. Hakuna aliyekuwa mvivu wa lugha hapa.

Kama unadhani haya ni mambo ya maprofesa wasio na kazi, nikupe kisa. Jirani yangu kijijini, mama mjane, alijenga nyumba ya ukubwa unaokaribiana na huu. Ramani ilikuwa ya Kiingereza, imechorwa vizuri. Orodha ya vifaa iliandikwa na kijana aliyehitimu, kwa Kiingereza pia. Fundi mkuu alikuwa mzee hodari ambaye mikono yake imeezeka nusu ya lokesheni yetu, lakini Kiingereza chake ni cha sokoni. Katika orodha, mbao za pembe zilikuwa kwenye mstari wake, na za kawaida kwenye mstari mwingine. Majina yalifanana mno: yote yalikuwa ‘rafta’, tofauti ni kijineno kimoja tu mbele. Kijana wa duka alisoma “rafta,” akakata zote futi 11. Mzee alipofika kwenye pembe, akapungukiwa na karibu futi nne kila upande.

“Mama, hizi mbao za pembe zimeletwa fupi,” alimwambia. Mama akamjibu, “Fundi, pesa ndizo hizo. Tufanyeje?”

Wakaunga. Kila kombamoyo la pembe likawa vipande viwili vilivyopigiliwa viraka. Msimu wa pili wa masika pembe mbili zilishuka, mabati ya ukingoni yakaachana, na chumba cha watoto kikawa cha ndoo. Nilipomuuliza mzee angeziitaje mbao zile kama angeandika orodha mwenyewe, hakusita hata kidogo: “Ningeandika miti ya kona, Prof. Ile mirefu.” Kiswahili chake kingetosha. Kilichokosekana ni mtu wa kukiweka kwenye karatasi.

Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Katika mjengo, Kiswahili ndicho lugha ya kazi. Nyapara hufoka kwa Kiswahili, mchanga huagizwa kwa Kiswahili, na mtu akiteleza kutoka juu ya kenchi hupigiwa ukelele kwa Kiswahili. Darasani katika chuo cha kiufundi, somo lilelile hufundishwa kwa Kiingereza. Kijana anapotoka huko anayajua majina ambayo mzee hayajui, na mzee anazijua mbao ambazo kijana hajawahi kuzishika. Wanakutana juu ya ukuta, mmoja ana karatasi na mwenzake ana msumeno.

Kwa hiyo mwalimu wetu wa Magharibi, haya ndiyo mapendekezo yangu, na nisingependa yangoje kamati. Paa lote liite paa la visusi. Mteremko wa ubavuni ni kisusi, kama alivyoukuta Steere. Mteremko mkubwa ni kipaa. Mstari wa juu ni mgongo. Ule mti mrefu wa kwenye pembe uite kombamoyo la pembe, na yale yanayopungua, makombamoyo mafupi. Hakuna haja ya kubuni neno la ajabu mahali ambapo vivumishi viwili vya kawaida vinafanya kazi. Mtambaapanya urudi kwenye daftari, na anayetaka kusema walpleti aseme, ilimradi ajue ni kitu kimoja. Kenchi ibaki kenchi. Nao wanaosema hipu wakimaanisha ule ukingo sitawakemea, mradi wasiuite kisusi.

Wenzangu wengine katika taaluma hii wataniambia kwamba kombamoyo ni neno la makuti, na kwamba kijana wa Kapsabet hatalikubali. Wapo hata wanaolipasua, wakapata komba na moyo, kisha wakatunga hadithi ya mnyama juu ya dari. Hadithi hizo mimi siziwekei maanani. Lakini kuhusu kijana wa Kapsabet nina jibu. Neno kenchi halikuzaliwa Kapsabet pia, na alilikubali siku aliyolipwa kwa kulipigilia.

Tena maneno haya hayajafa yote. Wachuuzi wa mikoko ya Lamu hupanga miti yao kwa unene na kila daraja lina jina lake, kuanzia fito, pau, mazio, boriti, nguzo, hadi banaa. Miti hiyo ndiyo iliyopakiwa majahazini kwa karne nyingi kwenda Uarabuni na Ghuba, mpaka Kenya ilipopiga marufuku usafirishaji wake nje ya nchi mwaka 1982. Biashara ya nje ilikoma. Majina yalibaki kwa sababu bei hutajwa kwayo. Mnunuzi akiomba pau, hapewi mazio, na akipewa, atajua kabla hajalipa.

Mwalimu ameniandikia tena akisema atachora paa la nyumba ya mita 10 kwa 6 ubaoni na kuandika majina hayo kwenye kila mti, na Kiingereza kando yake. Nimemwomba aongeze jambo moja: awaalike mafundi wawili watatu wa mtaani waje waitazame picha hiyo kabla ya wanafunzi kuinakili, wamwambie ni wapi amekosea.